Kazi ya Asasi za Kiraia Huanza Kabla ya Maafa

Wakazi wengi wa Dodoma huamini kwamba asasi za kiraia huhitajika baada ya mafuriko au ukame, zije kugawa unga na mablanketi, na kwamba kabla ya hapo suala lote ni la Serikali. Dhana hiyo si sahihi, na inatugharimu.

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na mara nyingi hunyesha kwa nguvu juu ya ardhi iliyokwisha kupoteza miti. Maji yasiyozama ardhini hufuata makorongo hadi Mto Kinyasungwe, kisha hushuka kupitia Mpwapwa kuelekea Kilosa, ambako mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu makazi pamoja na Reli ya Kati, kwenye kipande cha kutoka Kilosa hadi Gulwe. Kikundi kinachotunza visiki vichipue upya kwa njia ya kisiki hai, au kuchimba makinga maji shambani, kinapunguza hatari hiyo hata kama hakijawahi kugusa gunia la msaada.

Ndiyo maana ushirikiano ni wa lazima: asasi ya mazingira huko juu, vikoba vya akina mama na chama cha watu wenye ulemavu huko bonde la chini wanashughulikia maji yaleyale. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Makundi hayo yapeleke huko mipango yao mapema, kabla ya Desemba.