Foleni ya mafaili kwenda kwa washirika wa biashara: dhana potofu na ukweli

Kampuni nyingi za Kampala hupeleka orodha ya mishahara benki, au nyaraka za mzigo wa kahawa kwa wakala wa forodha Mombasa, kwa foleni, yaani mfumo unaochukua mafaili kwenye folda na kuyatuma wenyewe, moja baada ya jingine. Ukipangwa vibaya, wafanyakazi hulipwa mara mbili au mzigo hulala bandarini ukingoja karatasi.

Dhana: Faili likionekana kwenye folda, liko tayari kutumwa.

Ukweli: Jina huonekana tangu faili linapofunguliwa, kabla hata data haijaisha kuandikwa. Mfumo unaokagua folda kila sekunde 30 unaweza kunyakua faili la megabaiti 200 likiwa nusu, na benki ikapokea orodha iliyokatika katikati. Programu inayotengeneza faili iliandike kwanza kwa jina la muda, kama mishahara.csv.tmp, na ikimaliza ndipo ilibadilishe kuwa mishahara.csv. Foleni nayo ipuuze kila kinachoishia na .tmp. Hili hufanya kazi ikiwa faili la muda na la mwisho yako kwenye diski moja, hata kama ni folda tofauti. Ukihamisha faili kutoka diski hadi diski, kompyuta hulinakili kidogo kidogo kisha hufuta la zamani, na tatizo linabaki lile lile. Wengine hutegemea kupima ukubwa mara mbili, wakiona haujabadilika wanatuma. Kinga hiyo ni hafifu: programu ikikwama dakika moja tu, ukubwa hutulia ilhali kazi haijaisha. Kwenye seva ya mshirika pia, pakia kwa jina la muda, kisha ubadilishe.

Dhana: Likitoka kwenye foleni, limefika.

Ukweli: SFTP, njia salama ya kupakia mafaili kwenye seva, hukuthibitishia kwamba data imeandikwa kwenye seva ya mshirika, basi. AS2, njia nyingine ya kutumiana nyaraka za biashara, huenda mbele zaidi: hurudisha risiti iitwayo MDN, na ikiwa imetiwa saini ya kidijitali unaweza kulinganisha muhtasari (alama fupi inayokokotolewa kutokana na data) wa alichopokea mshirika na wa ulichotuma. Hata hivyo, risiti hiyo haisemi kama akaunti zilizomo ni sahihi. Usifunge rekodi mpaka lirudi jibu la kukubaliwa au kukataliwa, na mfumo utoe onyo muda mliokubaliana ukipita kimya.

Dhana: Mtandao ukikatika, tuma tena tu.

Ukweli: Mtandao unaweza kukatika baada ya faili kufika ila kabla ya uthibitisho kurudi. Ukituma tena kwa jina jipya lenye saa mpya, mpokeaji ataliona kuwa faili jingine, na hapo ndipo mishahara hulipwa mara mbili. Tumia jina lile lile na namba ile ile ya kumbukumbu, na mkubaliane na mshirika kwamba namba iliyokwisha kupokelewa ikataliwe. Majaribio yaachane kwa dakika 1, 2, 4, 8, 16, 32, kisha kila saa. Kuacha kabisa baada ya saa 24 ni hatari: Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda kwa siku kadhaa. Diski itoshe kuhifadhi mafaili ya wiki nzima.

Nywila ikikataliwa, usirudie, maana akaunti inaweza kufungwa. Ufunguo wa seva, unaoitambulisha seva ya mshirika, ukibadilika ghafla, mpigie mshirika simu mlinganishe alama za ufunguo huo kabla ya kuukubali.

Dhana: Foleni moja inawatosha washirika wote.

Ukweli: Seva ya mmoja ikizima, wote watasubiri. Kila mshirika awe na foleni yake, iliyoandikwa kwenye diski ili umeme ukikatika isipotee. Faili bovu lihamishiwe folda ya yaliyoshindikana, isipokuwa pale mpangilio ni muhimu, kama oda na marekebisho yake. Hapo simamisha foleni ya mshirika huyo peke yake.

Dhana: Saa ya seva ni saa ya Kampala.

Ukweli: Seva nyingi za wingu hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Kazi iliyopangwa 17:00 itaanza saa mbili usiku, benki ikiwa imeshafunga mapokezi ya siku.