Skuta: chombo cha kukalia, si cha kutagaa

Ukiuliza skuta ni nini katika mitaa ya Unguja, wengi watakujibu kwa neno jingine: vespa. Ile pale, imeegeshwa ubavuni mwa baraza, kiti kimefunikwa kitambaa kisichomwe na jua. Pengine bodi yake imeandikwa Honda au Yamaha. Haidhuru. Maadamu ina nafasi ya kuweka miguu mbele na kiti cha kukalia, hiyo ni vespa. Jina la chombo kimoja cha Kitaliano limeenea mpaka likawa jina la jamii nzima, kama Watanzania tunavyosema bajaji hata kwa ile iliyotoka kiwanda kingine kabisa.

Basi tuanze na maana yenyewe. Skuta ni chombo cha moto cha magurudumu mawili ambacho dereva hukikalia badala ya kukitagaa. Pikipiki ina tangi la mafuta katikati ya mapaja na injini chini ya tangi, kwa hiyo huna budi kuvusha mguu juu na kuipanda kama unavyopanda farasi. Skuta katikati yake ni wazi. Unaingia kwa mguu mmoja, unaufuatisha wa pili, unakaa, na miguu yote miwili inatulia mbele yako juu ya bamba. Injini iko nyuma, chini ya kiti au ubavuni mwa gurudumu, imefunikwa na bodi. Mbele kuna ngao inayokinga miguu na vumbi na maji ya madimbwi. Magurudumu ni madogo.

Wapo wanaodhani skuta ni pikipiki yenye injini ndogo. Sivyo. Kuna pikipiki za cc 50, na kuna skuta kubwa kama Suzuki Burgman ya karibu cc 650. Wengine husema skuta ni ile isiyo na gia. Nao hawajafika, kwa sababu vespa za zamani zote zilikuwa na klachi na gia, tena za kubadilishwa kwa mkono. Mfumo wa mkanda unaojibadilisha wenyewe, ambao leo umezoeleka, ulienea baadaye sana. Na kile kibao chenye usukani mrefu na mota ya umeme, ambacho watu wa miji ya Ulaya hukisimamia, nacho huitwa skuta, lakini vinashirikiana jina tu. Kipimo ni kimoja: je, miguu inakaa pamoja mbele yako? Ikikaa, ni skuta. Nashikilia kipimo hiki kwa sababu karibu kila kitu katika historia ya chombo hiki, nani alikiendesha na amevaa nini, kimetoka hapo.

Nimekulia kwenye vespa ya ami yangu. Nafasi yangu ilikuwa mbele, nimesimama juu ya bamba, viganja vimeshika katikati ya usukani, na yeye ameketi nyuma yangu kama aliye sebuleni. Asubuhi, kabla ya kupiga kiki, aliilaza ubavu, akahesabu kimoyomoyo, kisha akaiinua. Alisema petroli lazima ishuke vizuri kwenye kabureta. Kiki ya kwanza kimya, ya pili kikohozi, ya tatu inashika, na moshi wa buluu unajaa uchochoro mzima. Harufu ile ya oili inayoungua haijanitoka mpaka leo. Injini ilikuwa ya mipigo miwili, haina oili yake peke yake, kwa hiyo oili huchanganywa ndani ya petroli kama wavuvi wanavyochanganya kwa mashine za boti. Ukizidisha oili, moshi na plagi chafu. Ukipunguza, injini inakwama.

Vespa ile ilikuwa na asili ya ndege, na hili si neno la kutia chumvi. Kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, katika jimbo la Toscana nchini Italia, kilikuwa kikiunda ndege kabla ya Vita Kuu ya Pili na wakati wa vita, na kikapigwa mabomu. Vita vilipokwisha hapakuwa na wa kumuuzia ndege, barabara zilikuwa zimeharibika, na Mtaliano wa kawaida hakuwa na fedha za gari. Enrico Piaggio akataka chombo rahisi cha kumfikisha mtu kazini, na kazi hiyo ikamwangukia Corradino D'Ascanio, mhandisi ambaye mwaka 1930 helikopta yake ilikuwa imekwisha kuruka na kuweka rekodi.

D'Ascanio hakuzipenda pikipiki. Aliona mnyororo unachafua nguo, mkao unachosha, na gurudumu likipasuka njiani ni adhabu kulifungua. Badala ya kurekebisha pikipiki, alianza upya. Injini akaifunga moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, na mnyororo ukawa hauna kazi. Gia akaihamishia mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele akalishikiza kwa mkono mmoja tu, upande mmoja, mfano wa miguu ya ndege ya kutulia, ili liweze kufunguliwa kama la gari na kuvalishwa la akiba. Fremu ya mabomba akaiacha, bodi ya bati lililokandamizwa ikabeba uzito wenyewe, tena kama ndege. Ombi la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, lilipelekwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Injini ya kwanza ilikuwa ya cc 98. Inasimuliwa kwamba Piaggio alipoona kile kiuno chembamba na nyuma iliyotuna, akasema kinafanana na nyigu. Kwa Kitaliano nyigu ni vespa. Kufikia 1956 zilikuwa zimeundwa milioni moja.

D'Ascanio hakuwa wa kwanza kufikiria chombo kidogo cha mjini. Huko New York kilitoka kitu kiitwacho Autoped mwaka 1915, ubao wenye injini ambao dereva aliusimamia, na ipo picha maarufu ya mwaka 1916 ya Lady Florence Norman, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, akikiendesha London kwenda kazini. Lakini hapo hapakuwa na kiti. Na mshindani mkubwa wa Vespa, Lambretta ya kampuni ya Innocenti ya Milano, aliingia sokoni mwaka 1947, jina lake likitokana na mtaa wa Lambrate.

Sasa turudi kwenye miguu. Chombo ambacho hakikulazimishi kutagaa kinamkaribisha mtu ambaye pikipiki ilimfungia mlango: mwanamke wa sketi, padri wa joho, karani wa suti, shekhe wa kanzu. Hii si bahati tu, maana usafi wa nguo ulikuwamo katika fikra ya D'Ascanio tangu mwanzo. Filamu ya Roman Holiday ya mwaka 1953, iliyopigwa Roma kwenyewe, ndiyo iliyoitangaza Vespa duniani. Audrey Hepburn ni binti wa mfalme aliyetoroka itifaki, Gregory Peck ni mwandishi wa habari, na wawili hao wanazunguka mji juu ya Vespa. Watu husifu mapenzi. Mimi hutazama sketi yake pana na wepesi anaoketi nao. Kuna mahali anashika usukani mwenyewe na kuwatimua watu barabarani. Mwaka 1953, binti wa kifalme kuendesha chombo cha moto mbele ya macho ya dunia lilikuwa jambo la kukumbukwa, na mtazamaji aliliona kuwa la kawaida kwa sababu mkao wenyewe ulikuwa wa kawaida.

Uingereza skuta iliangukia mikononi mwa vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitokea waliojiita Mods, wengi wao watoto wa wafanyakazi, waliotumia mshahara kwenye suti za mtindo wa Kitaliano na muziki wa Wamarekani weusi. Skuta ya Vespa au Lambretta ilinunuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, ikawarudisha nyumbani usiku mabasi yakiwa yamelala, na haikuichafua suti. Juu ya suti walivaa koti refu la kijeshi la kukinga mvua. Wakaipamba skuta kwa vioo na taa, kumi, ishirini, hadi usukani ukafanana na mti. Wapinzani wao, Rockers, walikuwa watu wa pikipiki kubwa na makoti ya ngozi. Sikukuu za mwaka 1964 makundi hayo yalipigana katika miji ya pwani kama Clacton, Margate na Brighton, na magazeti yakakuza moto huo kuliko ulivyokuwa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ugomvi wa mavazi na nyimbo ukagawanyika kwa vyombo vya usafiri. Nadhani jibu ni lile lile la mkao: mmoja hutaka afike akiwa nadhifu, mwingine hutaka aonekane ametoka safari.

India ni habari nyingine, na ndiyo inayotugusa zaidi Afrika Mashariki. Kampuni ya Bajaj iliunda Vespa kwa leseni ya Piaggio kuanzia karibu mwaka 1960. Leseni ilipokwisha, ikaendelea na umbo hilo kwa jina lake. Mwaka 1972 ilitoka Bajaj Chetak, jina la farasi wa Maharana Pratap, mfalme shujaa wa zamani wa India. Serikali iliwawekea viwanda kiwango cha kuzalisha, wanunuzi walikuwa wengi, na foleni ya kusubiri skuta ikawa ya miaka, wakati mwingine kufikia kumi. Kwa hiyo skuta ikawa mali ya ukoo. Baba kwenye usukani, mtoto mkubwa amesimama mbele, mama nyuma amekaa upande na sari yake, kichanga mapajani. Tangazo la mwaka 1989 lililosema “Hamara Bajaj”, yaani Bajaj yetu, bado Wahindi wa umri fulani huweza kukuimbia.

Pia kuna kisa kinachopita Kongo. Indonesia ilipeleka askari wa kulinda amani Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na waliporudi wakazawadiwa Vespa. Mpaka leo wapenzi wa skuta wa Indonesia huzitafuta kwa bei kubwa, na huziita Vespa Kongo.

Na bajaji? Mwaka 1948 Piaggio ilichukua Vespa, ikaiondolea gurudumu la nyuma, ikaweka mawili na sanduku la mizigo. Ikaiita Ape. Kwa Kitaliano ape ni nyuki: nyigu wa kumbeba mtu, nyuki wa kazi. Wahindi wakaiunda yenye kiti cha abiria na paa la turubai, ndiyo ikatufikia, sisi tukaiita kwa jina la kampuni na Wakenya wakaiita tuktuk. Ukipanda bajaji tena, tazama mikono ya dereva. Hana usukani wa duara, hana fimbo ya gia. Anabana klachi kwa kiganja cha kushoto na kuuzungusha mkono huo huo kubadilisha gia, na nambari za gia zinapita chini ya kidole gumba chake. Ndivyo D'Ascanio alivyoipanga Vespa mwaka 1946. Anayekataa kwamba bajaji ni skuta iliyokua na aangalie mkono huo.

Bara, skuta ya magurudumu mawili haikupata nafasi kubwa. Gurudumu dogo huzama kwenye shimo ambalo la pikipiki hulivuka, na bodaboda hubeba magunia, makreti na abiria wawili kwenye njia za udongo. Pikipiki ilistahili kazi hiyo. Lakini Mji Mkongwe, vichochoro vyake ni vyembamba, safari ni fupi, na watu ni wa kanzu na buibui.

Jioni moja nilisimama Darajani nikimtazama mwanamke mmoja aliyekuja na skuta ya kisasa isiyo na klachi. Helmeti juu ya ushungi. Pindo la buibui amelikusanya na kulikalia, kwa hiyo halikupepea hata kidogo. Kwenye kindoano chini ya usukani kulining'inia mfuko wa mboga, na kati ya miguu yake, pale nilipokuwa nikisimama mimi, alisimama mtoto wa kike wa miaka minne hivi, ameshika usukani kwa mikono miwili na kuangalia mbele kama nahodha. Mama akazima mashine, akaweka mguu mmoja chini, mtoto akashuka kwanza bila kuambiwa.