Siku ya Kwanza Lisbon kwa Miguu: Tuliyoambiwa na Tuliyoyakuta

Mke wangu ni wa Mombasa, amekulia Mji wa Kale, hatua chache tu kutoka Fort Jesus. Mimi ni wa Malindi. Wanaojua utani wa miji hiyo miwili wataelewa kwa nini safari yetu ya Lisbon ilianza kwa ubishi kabla hata hatujatoka hotelini. Yeye alitaka kuona walikotoka Wareno waliojenga ile ngome, mimi nilitaka kulala. Alishinda yeye.

Dhana ya kwanza kuanguka ni hii: kwamba Lisbon ni mji wa kale, kila jengo ni la enzi za Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Tulianzia uwanja wa Rossio tukateremka kuelekea mtoni kupitia Baixa, mtaa wa katikati ya mji. Mitaa imenyooka kama imepigwa rula, nyumba zimelingana urefu, njia zinakatana kwa pembe sawa. Mji wa kale haukai hivyo, waulize watu wa Lamu. Sababu ni asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka. Tetemeko likapiga, tsunami ikafuata, halafu moto uliochukua siku kadhaa. Baixa ikaisha. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, akasimamia mji uchorwe upya. Ndani ya kuta mafundi walifunga fremu za mbao zilizopishana kama herufi X, ili ardhi ikitikisika tena mbao zicheze badala ya jengo kuporomoka. Wareno wanaiita gaiola, yaani tundu la ndege.

Piga hesabu. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593. Inaizidi Baixa kwa zaidi ya karne na nusu. Mke wangu alisimama katikati ya njia akacheka: "Kumbe mkubwa ndiye aliyekuja kumwamkia mdogo!"

Basi nikamwambia twende juu kwenye Castelo de São Jorge, pale hakuna ubishi. Kilima ni cha kale kweli, na Waislamu walikuwa na ngome yao pale mpaka Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka mji mwaka 1147. Lakini zile kuta zenye meno ambazo kila mtalii anazipigia picha, sehemu kubwa ilijengwa upya kati ya 1938 na 1940, chini ya utawala wa dikteta Salazar, ili ngome ipendeze kwa sherehe za taifa. Ukitaka ukale wenyewe, shuka Alfama. Mtaa huo ulisalimika kuliko Baixa, na vichochoro vyake vinapinda bila kumwuliza mtu, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako. Jina lenyewe ni la Kiarabu, linatokana na chemchemi za maji moto, ndugu wa neno letu hamamu.

Kuhusu viatu, usimsikilize anayesema "vyovyote vitafaa, Ulaya njia zimetengenezwa". Zimetengenezwa, ndiyo, kwa vijiwe vyeupe vya chokaa ukubwa wa ngumi ya mtoto, vimepangwa kimoja kimoja kwa nyundo na kusuguliwa na soli za watu hadi vinang'aa kama kigae cha bafuni. Penye mteremko, na Lisbon ni miteremko mitupu, soli ya ngozi haishiki. Niliteremka Alfama nimeshika ukuta kama mlevi. Wengi hudhani mawe hayo ni urithi wa Warumi, kumbe mtindo huu wa kupamba njia ulianza pale ngomeni mwaka 1842, na waliovipanga walikuwa wafungwa.

Mawili ya haraka. Lifti ya chuma ya Santa Justa haikuchorwa na Eiffel, yule wa mnara wa Paris, mchoraji ni Raoul Mesnier du Ponsard, na ilifunguliwa mwaka 1902. Na vile "vilima saba" vya Lisbon ni hesabu ya padri mmoja wa mwaka 1620 aliyetaka mji wake ufanane na Roma. Miguu yangu ilihesabu zaidi ya saba kabla ya adhuhuri.

Mezani tukapatikana. Kabla hatujaagiza, mhudumu akaweka mkate, siagi na kibakuli cha zeituni. Kwa mtu wa pwani, kilichowekwa mbele ya mgeni ni takrima. Tukala mpaka mbegu ya mwisho. Bili ilipokuja, zeituni zilikuwa na mstari wake, mkate wa kwake, hata siagi. Si wizi, ni desturi, wanaviita couvert. Usipovitaka sema hapana asante, navyo vitaondolewa. Na shukrani yenyewe ina kanuni: mwanamume husema obrigado, mwanamke obrigada, bila kujali anayeambiwa ni nani.

Alasiri tulifika kanisa la São Domingos. Mlangoni mke wangu akasoma neno igreja, yaani kanisa, kwa sauti, akalirudia polepole. Gereza. Tunadhani hatujui Kireno, na meza, bendera, leso na foronya vimejaa nyumbani. Huko kwetu igreja ikaishia kuwa jela, na Fort Jesus yenyewe Waingereza waliifanya jela. Ndani ya São Domingos nguzo zimepasuka na kubabuka kwa moto wa mwaka 1959. Walipolikarabati hawakuzificha kovu.

Nje ya kanisa wamekaa Waafrika wengi, hasa watu wa Guinea-Bissau, wakipiga soga na kuuza vitu vidogo vidogo. Hapo ndipo nilipoisikia dhana inayoniudhi kuliko zote: kwamba Waafrika walianza kuonekana Lisbon makoloni yalipopata uhuru, kufikia 1975. Hesabu ya mwaka 1551 ilitaja watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu kama 100,000, na Waafrika walikuwa na udugu wao wa kidini katika kanisa hilohilo. Barua ya Mfalme Manuel I ya mwaka 1515 iliagiza shimo lichimbwe la kutupia maiti za watumwa na kumwagiwa chokaa, kwa sababu zilikuwa zikiachwa wazi. Mtaa unaohusishwa na shimo hilo bado unaitwa Rua do Poço dos Negros. Tuliupita kwa miguu. Kuna mikahawa.

Belém, mtaa wa ukingoni mwa mto, usijaribu kwenda kwa miguu. Ni kama kilomita 6, na sisi miguu ilishakwisha, tukapanda tramu. Mnara wa Belém haukumwona Vasco da Gama akiondoka mwaka 1497, ulijengwa miaka ya 1510. Wala haukuwa katikati ya mto hadi tetemeko likausogeza mto. Ulijengwa juu ya mwamba karibu na ukingo, na ni ukingo uliosogea polepole. Lile sanamu kubwa la mabaharia, Padrão dos Descobrimentos, ni la mwaka 1960.

Tulimalizia monasteri ya Jerónimos, iliyojengwa kwa ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa za Afrika na za Mashariki. Kaburi la da Gama liko mlangoni tu, ingawa mifupa ililetwa hapo mwaka 1880. Yeye alifia Kochi, India, mwaka 1524. Mke wangu akaliangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Sisi Mombasa tulimfukuza," akasema. "Ni nyinyi wa Malindi mliompa rubani wa kumfikisha India."

Kila mtoto wa Malindi amesikia kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu. Hadithi hiyo inatokana na Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka katika karne ya 16. Waandishi wa Kireno wa wakati huo wanasema alikuwa mtu wa Gujarat, na wanahistoria wengi leo wanakubaliana nao.

"Hata hakuwa wetu," nikamjibu. "Alikuwa Mhindi."

"Lakini mfalme aliyemtoa alikuwa wenu."

Hapo sikuwa na jibu. Nikaenda kupanga foleni ya vitobosha vya malai.