Ghuba ya Winam Huendewa kwa Saa

Wageni wengi wanaofika Kisumu huiendea Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria, mwendo wa saa nane mchana, wakishamaliza shughuli zao mjini. Ndiyo saa mbaya kuliko zote. Jua ni kali, upepo umegeuka, ndege wamenyamaza, na mabuu ya kichocho yamejaa majini. Ghuba hiyo hiyo, ukiifikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yake huwa yametulia kama ya mtungini.

Chanzo ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, hivyo hewa hutoka bara kwenda majini. Mchana mambo hupinduka: nchi kavu imeshika joto, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea Kisumu. Ghuba imelala mashariki kwa magharibi kwa takriban kilomita 60, kutoka kisiwa cha Rusinga na mji wa Mbita hadi Kisumu, na upande wa Kisumu kina chake ni mita chache tu. Upepo ukipita masafa hayo juu ya maji ya kina kifupi, huinua mawimbi mafupi yanayofuatana karibu karibu. Mashua hupigwa na wimbi la pili kabla haijalishuka la kwanza, na hapo ndipo maji yanapoingia. Kwa hiyo panga uwe umerudi ufuoni kabla ya saa sita. Wingu jeusi likijitokeza, hata kwa mbali, mwambie nahodha ageuze mashua. Nauli uliyolipa isikufanye usite.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Dunga, kusini mwa mji. Pana kinamasi cha mafunjo, na ndani yake huishi ndege ambao ni nadra kuwaona nje ya mafunjo. Anayetafutwa zaidi ana kifua chekundu kama damu, mgongo mweusi na utosi wa manjano. Wataalamu humwita Laniarius mufumbiri. Utamsikia kabla ya kumwona, kwa kuwa dume na jike hupokezana sauti. Kaa kimya mahali pamoja kwa dakika 20. Anayetembea-tembea huambulia sauti tu.

Mashua itafute kupitia kamati ya ufuo, BMU (Beach Management Unit), maana wao wanawajua manahodha na vyombo vyao. Kabla ya kupanda, hesabu jaketi za kuokoa maisha: moja kwa kila abiria, na za watoto ziwe za kimo chao. Vaa, funga vifungo vyote, kisha mwenzako aivute jaketi juu kwa mabega. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Ukianguka majini itakuvuka kichwani. Jaketi iliyokaliwa kama mto haimsaidii mtu, kwa sababu mashua ikipinduka hutapata nafasi ya kuivaa. Jambo la pili ni uzito. Mashua nyingi hulala upande abiria wote wanapokimbilia ubavu mmoja kupiga picha ya kiboko. Kila mtu abaki ameketi; nahodha ndiye ageuze chombo ili wote waone.

Gugumaji nalo huenda na upepo. Ufuo uliokuwa wazi asubuhi unaweza kuzibwa jioni, na mizizi yake hujisokota kwenye rafadha hadi injini izime. Muulize nahodha kama ana kafi au upondo.

Viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi na hurudi kabla ya mapambazuko. Kiboko aliye nchi kavu akishtuka hukimbilia maji, na aliyesimama katikati ya njia yake hukanyagwa. Giza likianza kuingia, ondoka ukingoni. Akifungua kinywa wazi mbele ya mashua, hapigi miayo: anakuonya usogee mbali.

Sasa kuogelea. Maji haya yana kichocho cha tumbo. Watu wa pwani hukitambua kichocho kwa mkojo wenye damu. Minyoo wa kichocho cha ziwani huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yao hutoka na choo. Kinyesi kikiingia ziwani, mayai huanguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono, huongezeka humo, kisha hutoka wakiwa mabuu yenye mkia wa panda. Mwanga ndio unaowatoa, na ndiyo maana huzidi kuanzia asubuhi ya jua hadi alasiri. Hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache. Asubuhi na mapema huwa wachache, lakini hakuna saa ambayo hawapo kabisa. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Wengi hawaogelei hata kidogo, na bado huambukizwa wakikanyaga maji ya ukingoni, penye majani na konokono, wanapoiendea mashua. Vaa gambuti, au upandie gatini. Maji ya kuogea yaliyotoka ziwani yachemshe, au yaache kwenye tangi kwa siku mbili bila konokono. Mabuu waliokosa mwili wa kuingia hufa. Anayetaka kuogelea na atumie bwawa lenye klorini.

Ukiloa, iandike tarehe. Kupimwa siku ya pili hakufai, kwani minyoo hawajaanza kutaga. Subiri wiki 6 hadi 8, kisha upeleke choo maabara, wala si mkojo. Homa, vipele vya kuwasha au kuhara kukianza kabla ya hapo, nenda kituo cha afya mara moja na uwaambie uliingia ziwani. Daktari wa mji usio na ziwa huenda asiwazie kichocho. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 hupewa miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600, kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Huua minyoo waliokomaa tu, hivyo ukiimeza siku ya safari wale wachanga watabaki. Na aliyetibiwa Machi akikanyaga maji yale Aprili, huambukizwa upya.