Esat Telecom: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Dhana iliyoenea zaidi kuhusu Esat Telecom, kampuni ya simu ya Ireland, ni kwamba ilianza kama kampuni ya simu za mkononi. Wanaosema hivyo hawakosi sababu, kwani Waireland wengi walianza kulifahamu jina la Esat pale mtandao wa Esat Digifone ulipozinduliwa Machi 1997. Ukweli ni kwamba kampuni mama ilianzishwa na mfanyabiashara Denis O'Brien mwaka 1991, na wateja iliowawinda walikuwa wenye ofisi: kampuni zilizopiga simu nyingi za masafa marefu na za nje ya nchi, na ambazo hazikuwa na budi kulipa bei iliyopangwa na Telecom Éireann, shirika la umma lililokabidhiwa huduma za simu mwaka 1984. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Ofisi chache za mjini zinaweza kuingiza mapato makubwa ya simu, na kampuni changa inaweza kuzihudumia bila kulazimika kufikisha waya kwenye kila nyumba ya kijijini.

Wengine hudhani kwamba Esat ilisubiri soko lifunguliwe, kisha ikaingia pamoja na washindani wengine. Hesabu ya miaka inakataa. Ireland ilikuwa imeruhusiwa na Umoja wa Ulaya kuchelewesha ushindani kamili wa simu za sauti hadi mwaka 2000, ingawa serikali yake iliamua kuufungua mapema, tarehe 1 Desemba 1998. Kufikia siku hiyo Esat ilikuwa imeshafanya kazi kwa miaka kadhaa ndani ya mwanya mwembamba wa sheria. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1990 yalizitaka nchi wanachama kuruhusu ushindani katika huduma nyingine za mawasiliano, lakini yaliziachia hiari ya kuyabakishia mashirika ya dola simu za sauti za umma kwa ujumla. Swali likawa moja: simu za mteja wa kibiashara zinaishia wapi kuwa za kikundi maalumu cha watumiaji, ambazo ushindani wake uliruhusiwa, na zinaanzia wapi kuwa za umma?

Esat ililijibu kwa vitendo. Ilikodi laini kutoka kwa Telecom Éireann yenyewe, ikafunga kwenye ofisi za wateja vifaa vilivyoelekeza simu moja kwa moja kwenye mitambo yake, kisha ikawauzia wateja hao dakika kwa bei nafuu. Yaani ilinunua kwa mshindani wake kwa jumla ili imnyang'anye wateja wa rejareja. Telecom Éireann ililalamika kwamba mpango huo ulivuka mipaka ya leseni, na mvutano juu ya vifaa hivyo ukafika wizarani. Kwa maoni yangu, historia halisi ya kampuni hii imo katika ugomvi huo kuliko katika matangazo ya simu za mkononi yaliyofuata.

Kuhusu mtandao wake, hudhaniwa kwamba Esat ama ilibaki mchuuzi wa laini za wengine, ama ilichimba mitaro nchi nzima. Njia iliyofuata ilikuwa ya katikati: ilikubaliana na CIÉ, shirika la umma la usafiri, kutandaza mkongo wa fiba kandokando ya reli, ambazo tayari ziliunganisha miji mikubwa. Mtaji wa upanuzi ulitafutwa pia Marekani, ambako hisa za kampuni zilianza kuuzwa kwenye soko la Nasdaq mwaka 1997.

Leseni ya pili ya simu za mkononi ndiyo iliyozua maneno mengi. Esat haikuimiliki peke yake. Leseni ilipotolewa Mei 1996, Esat na Telenor, kampuni ya simu ya Norwei, zilikuwa na asilimia 40 kila moja, na asilimia 20 ilikuwa ya IIU, kampuni ya mfanyabiashara Dermot Desmond. Pia si kweli kwamba mahakama ilimtia mtu hatiani kwa jinsi leseni hiyo ilivyopatikana. Tume ya uchunguzi ya Jaji Michael Moriarty, iliyotoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2011, ilihitimisha kwamba Michael Lowry, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Nishati na Mawasiliano, aliingilia mchakato kwa faida ya Esat Digifone. Lowry na O'Brien wote waliupinga uamuzi huo. Tume ya uchunguzi hueleza ilichokiona, wala haina mamlaka ya kuhukumu.

Mwisho, wapo wanaoamini kwamba Esat ilitoweka pale BT, kampuni ya simu ya Uingereza, ilipoinunua mwaka 2000 kwa zaidi ya dola bilioni 2, baada ya Telenor kujaribu kuichukua bila ridhaa ya uongozi wake. Kilichotokea ni kugawanyika. Upande wa simu za mkononi ulitengwa na BT, ukawa O2, na mwaka 2014 ukaingia mikononi mwa Three, mtandao mwingine wa simu za mkononi. Upande wa waya, yaani ule wa asili, ukageuka BT Ireland, ambayo mwaka 2009 iliwahamishia Vodafone wateja wake wa majumbani na kubaki na makampuni na wateja wa jumla, yaani kampuni nyingine za mawasiliano. Mwanzoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba kitengo hicho cha jumla na cha makampuni kinauzwa kwa Speed Fibre Group ya Ireland kwa yuro milioni 22, bei isiyolinganishika moja kwa moja na ile ya mwaka 2000, kwa kuwa simu za mkononi zilikuwa zimeshaondoka zamani.