Usimtazame anayeongea

Watu wakijua nimesomea maigizo Bagamoyo huniuliza swali lilelile: muvi gani kali? Wanategemea niwatajie yenye magari yanayoruka na stelingi asiyekufa. Nikiwaambia naipenda filamu fulani kwa sababu ya mzee mmoja anayemkodolea macho mwenzake akijisugua pua, wanacheka. Haya, leo nieleze kwa nafasi.

Nianze na aibu yangu. Niliporudi Mwanza kutoka chuoni niliitwa kuigiza kwenye filamu fupi, sini moja tu, kando ya ziwa upande wa Kirumba. Mimi ni mchuuzi wa dagaa, naletewa habari kwamba mtumbwi aliotoka nao mdogo wangu haujarudi. Sasa, mimi sauti yangu ilikuwa imefundishwa kufika mstari wa nyuma bila kipaza sauti, tena kwa kushindana na upepo wa bahari. Nilipopewa habari nikapiga ukelele, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma nusura nikanyage dagaa wa watu walioanikwa mchangani. Mwongozaji akakata. Akaniita nijione kwenye kioo cha kamera. Nilifanana na kondakta anayegombania abiria wa Buzuruga.

“Kaka,” akaniambia, akanyoosha mkono hadi karibu na pua yangu, “kamera iko hapa. Msikilize tu huyo anayekwambia.”

Tulirudia mara nne. Mara ya nne nilikuwa nimechoka, sikufanya chochote, nikamsikiliza yule jamaa. Hiyo ndiyo iliyotumika.

Tangu hapo, nikikaa mbele ya filamu simtazami anayeongea. Namtazama anayeongeleshwa. Anayeongea ana maneno ya kumbeba, hata kama ni mwigizaji wa kawaida atafika. Anayesikiliza hana kitu ila uso wake, na ukimwangalia vizuri utajua kama kweli anasikia au anasubiri zamu yake.

Jukwaani mambo ni tofauti, na wala si kwamba jukwaa ni duni. Kule mtazamaji anajichagulia pa kuangalia, hivyo lazima umvute. Sisi tuliokulia Usukumani tunalijua hili kabla ya chuo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana hucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyejaza watu. Mtazamaji yuko huru kukupa kisogo. Ndiyo maana watu huingia uwanjani hata na nyoka! Kwenye filamu hakuna wa kukupa kisogo, kwa sababu mwongozaji na mhariri wameshaamua macho yetu yakae wapi. Nyoka wa nini tena?

Kwa hiyo namba moja kwangu, miaka yote, ni 12 Angry Men ya mwaka 1957. Reginald Rose aliiandika kwanza kwa ajili ya televisheni mwaka 1954, kisha Sidney Lumet akaiongoza ikawa filamu yake ya kwanza ya sinema. Dakika 96, nyeusi na nyeupe, karibu yote ndani ya chumba kimoja. Wazee 12 wa baraza la mahakama wamefungiwa siku ya joto kali, waamue kwa kauli moja kama kijana amemuua baba yake. Wakikubaliana kuwa ana hatia, anakwenda kwenye kiti cha umeme. 11 wanasema ana hatia. Mmoja, Henry Fonda, anasema hajui, tuongee kwanza.

Lumet alikuwa mtu wa jukwaa tangu utotoni, na kabla ya kupiga picha aliwafanyisha waigizaji mazoezi ya wiki mbili, kama tunavyofanya sisi tukiandaa tamthiliya. Ila halafu akatumia kitu ambacho jukwaa halina. Mwanzoni kamera iko juu ya usawa wa macho na lenzi ni pana, unaona chumba chote, kuta ziko mbali. Katikati kamera inashuka usawa wa macho. Mwishoni iko chini ya macho, na lenzi zimekuwa ndefu, basi dari inaonekana, kuta zinawabana, nyuso zinajaa. Chumba hakijapungua hata inchi, lakini wewe unayetazama unaanza kulegeza kola.

Na ndani ya nyuso hizo ndimo alimo mzee wangu. Joseph Sweeney, mjumbe namba tisa, mkongwe kuliko wote. Mwenzake mmoja, mwenye miwani, mtu wa hesabu zake, anaivua miwani na kujisugua pembeni mwa pua. Jambo dogo, sote tunalifanya. Mzee anamtazama, kisha anamuuliza kwa nini anajisugua hivyo. Ni miwani, anajibiwa, na alama zake ziko puani. Na mzee anakumbuka kwamba shahidi aliyedai kuona mauaji kupitia dirishani alikuwa na alama hizohizo puani, ingawa mahakamani hakuvaa miwani. Kesi yote inageuka hapo. Wengine walikuwa wanabishana saa nzima, huyu alikuwa anatazama.

Nilichelewa kuyaona haya, na sababu yake ni kibanda umiza. Nimekulia humo. Benchi za mbao, pazia la gunia mlangoni, televisheni juu ya kabati, jasho, na DJ anatafsiri. Wenye umri wangu mnamkumbuka Lufufu, kanda zake zilifika hadi kwetu. Mafundi hawa walikuwa wasanii kamili, wala sitanii: mtu mmoja anaigiza sauti za watu kumi, anampa jambazi wa Hong Kong jina la mtaani kwako, na anakuambia mapema huyu msichana si mtu mzuri. Ule ni utambaji wa hadithi, na ni utamaduni wetu halali kabisa. Ila kazi yao haikuruhusu ukimya. Mwigizaji akinyamaza, DJ anaingia: “Hapo anawaza, anasema leo nitamkomesha!” Nilikuja kuiona mojawapo ya filamu hizo bila tafsiri nikiwa mtu mzima. Pale aliposemewa kwamba anawaza kumkomesha mtu, jamaa alikuwa anajizuia kulia.

Nadhani bongo muvi zetu zimerithi hofu hiyohiyo. Mtu anakaa kwenye kochi anajisemea peke yake shida zake zote, wakati sura ingetosha. Marehemu Steven Kanumba, mwigizaji, mtoto wa Shinyanga aliyepitia kundi la sanaa la Kaole, alikuwa na macho yanayosikiliza. Mara nyingi hakupewa nafasi ya kuyatumia, hati za muvi zilimtaka aongee.

Ukitaka kuona Mtanzania akinyamaza hadi ukasahau kupumua, tafuta Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Profesa Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaigiza Samehe, mgonjwa aliye hospitali ya akili asiyesema neno. Daktari aliyetoka Marekani anamuuliza, anambembeleza. Samehe kimya. Filamu yenyewe ina sehemu zinazojikokota, sitaficha. Lihamba hajikokoti hata mara moja.

Throne of Blood ya Mjapani Kurosawa, 1957 pia, iliyotokana na Macbeth ya Shakespeare, nawapa wanafunzi wangu wakishasoma Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi. Mke wa mkuu, Isuzu Yamada, anaketi na uso uliotulia kama kinyago cha Noh, maigizo ya jadi ya Kijapani, kisha anaingia gizani kuleta mtungi wa pombe, na unachosikia ni hariri ya vazi lake tu ikiburuzika sakafuni. Mishale anayopigwa mumewe mwishoni ilikuwa ya kweli, lakini mimi kinachonitisha ni ile hariri.

Halafu Hyènes ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, 1992, iliyotokana na tamthiliya ya Mswisi Dürrenmatt. Mwanamke aliyefukuzwa na aibu anarudi Colobane akiwa tajiri wa kupindukia. Atawapa fedha, lakini wamuue muuza duka aliyemtelekeza ujanani. Wote wanakataa, wakishangaa. Kisha wateja wa duka wanaanza kuja na viatu vipya vya manjano kutoka Burkina Faso, vya mkopo. Muuza duka anavitazama viatu miguuni mwa rafiki zake. Hajaambiwa kitu, na ameshajua. Mtu yeyote aliyeona mji unavyobadilika dhahabu ikipatikana jirani, au minofu ya sangara ilipoanza kwenda Ulaya, atavitambua vile viatu.

Na kwa kuwa mtauliza: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, filamu ya matukio halisi kuhusu biashara ya sangara iliyopigwa hapahapa Mwanza, siipendi wala siachi kuirudia. Iliteuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Mimi naona uhariri wake umeshaamua kila kitu kabla hatujaangalia. Ila kuna mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale, anaulizwa maswali mazito gizani, na kabla hajajibu kila mara anamtazama kidogo anayemuuliza. Pale naacha ubishi.

Jumapili iliyopita niliwawekea watu 12 Angry Men nyumbani Mabatini. Mama jirani, anauza dagaa, alikuja kumfuata mjukuu wake, akasimama mlangoni na beseni lake. Kiingereza hajui na sikuweka tafsiri. Tulipofika kwenye ile sehemu, mwenye miwani akavua miwani.

“Baba,” akaniita, “mbona huyu babu anamwangalia mwenzie puani?”

Mzee alikuwa bado hajafungua mdomo.

“Kaa, mama,” nikamsogezea stuli. Akatua beseni.