Attenborough: jina la ukoo kutoka kingo za mto Trent

Sauti ya David Attenborough inajulikana na kila apendaye filamu za wanyamapori. Mimi nachunguza asili ya majina, na kinachonivuta zaidi ni hilo jina lake.

Wengi hulipasua vibaya. Katika Kiingereza cha zama za kati "atten" ilikuwa na maana ya "penye". Aliyeishi penye mwaloni aliitwa "atten oke", na ndimi za watu zikaivuta ile n mbele hadi likazaliwa jina Noakes. (Napenda sana herufi zinazohama namna hii.) Kwa mwendo huo Attenborough ingekuwa "penye ngome", na zipo kamusi zinazosema hivyo.

Mimi naanzia kijijini. Kusini-magharibi mwa mji wa Nottingham, Uingereza, kando ya mto Trent, kuna kijiji kiitwacho Attenborough. Mwisho wa jina ni "burh", yaani ngome, lakini mwanzo wake ni jina la mtu: Adda. Ngome ya Adda. Mwenyeji hakuitwa hivyo akiwa kwao, maana wote ni wa hapohapo. Jina lilimganda alipohamia kwingine, kama vile Al-Hadhrami alivyoitwa hivyo baada ya kuiacha Hadhramaut.

Je, mwanzilishi wa jina hilo alikuwa mmoja au wengi? Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha uchunguzi wa wanaume 1,678 wenye majina 40 ya ukoo. Walipima kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana wa kiume, sawa na jina. Kina Smith walikuwa mchanganyiko mtupu, jambo la kutarajiwa, kwani Smith maana yake ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Lakini kina Attenborough, asilimia 87 walikuwa na aina moja. Hao ni uzao wa babu mmoja, na kwangu hiyo ndiyo raha kubwa ya jina adimu: unaweza kulifuata hadi mlangoni kwa mtu.

Tena aina yenyewe ni E1b1b1, adimu Uingereza, lakini imejaa Afrika Kaskazini na Pembe ya Afrika. Mbegu ya ukoo ilikwisha safiri mbali kabla ya jina kuwapo.

Pale kijijini, mashimo yaliyochimbwa kokoto yalijaa maji, ndege wakahamia, pakawa hifadhi. Aliyeifungua mwaka 1966 ni David Attenborough.